Stellan na Bomba Lililokataa Kukaa

Stellan Wallgren alikuwa na wivu, na hakuna haja ya kumfichia. Wapo wenye wivu wa kufoka na kuvunja vyombo. Wake ulikuwa wa kutabasamu. Ulrik akiingia bila kubisha hodi, akavua viatu mlangoni na kwenda moja kwa moja kwenye kabati la vikombe, Stellan alisema, "Karibu bwana, kahawa ipo," huku moyoni akitamani kumrudisha alikotoka.

Ulrik alikuwa mume wa zamani wa Pernilla, na Pernilla sasa alikuwa mke wa Stellan. Kwingine hayo yangetosha kuwafanya watu wapishane njia. Hapa Bollnäs, mji mdogo wa Sweden, watu wakiachana hawasusiani, hasa wakiwa na mtoto. Mkesha wa Krismasi Ulrik alikuja na soksi zake za sufu na bakuli la samaki wa siki aliowatengeneza mwenyewe, akakaa kwenye kiti kilekile kila mwaka. Pernilla aliwasifu wale samaki mpaka Stellan akaanza kuwachukia samaki wa aina zote.

Mtoto mwenyewe alikuwa Tuva. Stellan alipohamia nyumba ile alimkuta bado anaogopa baiskeli. Yeye ndiye aliyekimbia nyuma ya ile baiskeli ameshika kiti, yeye ndiye aliyeganda miguu kwenye majukwaa ya barafu msimu baada ya msimu Tuva akicheza bandy, ule mpira wa magongo wa barafuni, yeye ndiye aliyehangaika naye na hesabu za sehemu mezani. Baba mtu alikuwa msituni akitengeneza mashine za kukatia miti, akirudi mwisho wa wiki na zawadi. Akirudi, Tuva hupiga ukelele "Baba!" na kumrukia. Stellan yeye aliitwa Stellan. Ndivyo watoto wote wa hapa wanavyowaita waume wa mama zao, na hakuna ubaya wowote ndani yake, ila kila alipolisikia lile neno jingine likienda kwa Ulrik, roho ilimuuma kama jino bovu.

Alikuwa na kitu kimoja tu ambacho Ulrik hakuwahi kukigusa, nacho ni gari lake. Lilikuwa Saab jekundu la paa la kukunjwa, la zamani, lenye tabo, ile pangaboi ya chuma inayozungushwa na moshi wa injini na kuisukumia injini hewa zaidi. Alilinunua kabla hajamjua Pernilla, akalitunza kwa mshahara wa kiwanda cha mbao. Tuva alipokuwa mdogo alimwahidi: "Siku utakayomaliza shule, nitakuja kukuchukua na hili, paa wazi."

Na siku hiyo ilikuwa inakaribia. Mwezi wa sita wahitimu hutoka mbio shuleni na kofia zao nyeupe, wazazi wanawangoja nje na mabango ya picha zao za utotoni, wanawavika maua shingoni, kisha wanawazungusha mji mzima kwa magari yaliyofunikwa matawi mabichi. Hutokea mara moja katika maisha ya mtu. Ulrik alikuwa amekwisha kusema, huku akitafuna mkate wa mdalasini, kwamba trekta lake na tela vipo tayari.

"Nataka Saab," Tuva alisema. "Kama litatembea."

Hapo ndipo penye tatizo. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu ilikuwa imeila ekzosi yote, lile bomba la moshi, kuanzia mbele hadi mkiani. Tarehe ya ukaguzi ilikuwa imepita, na bila kupita ukaguzi gari haliruhusiwi barabarani, isipokuwa safari ya ukaguzini. Stellan aliagiza ekzosi mpya kwa muuzaji wa nje ambaye hakuna aliyemjua, kwa sababu ilikuja haraka.

"Mwite Ulrik mfunge pamoja," Pernilla alimshauri. "Mambo ya mabomba ndiyo kazi yake."

"Naweza mwenyewe," Stellan alijibu, akitabasamu.

Akalipandisha gari kwenye stendi, akaingia chini. Bomba la mbele, lile linaloshuka kutoka kwenye tabo, linataka watu wawili: mmoja chini wa kulinyanyua na mmoja juu wa kuzikamata nati. Stellan alikuwa mmoja. Basi akaanzia nyuma, ambako mtu mmoja anatosha. Akaning'iniza sailensa, lile kopo la kupunguza kelele, akaunga bomba la kati, akakaza kila bolti kwa nguvu zake zote, huku akisogea mbele. Alipofika kwenye tabo, akakuta mdomo wa bomba umepishana na mahali pake kwa upana wa vidole viwili, tena umeinama upande. Mtu mwingine angefungua aanze upya, au angepiga simu. Stellan aliweka jeki chini ya bomba akalisukuma mpaka likaingia kwa kulazimishwa, akapachika nati akiwa amejikunja mithili ya paka kabatini, akakaza. Lilikaa, lakini kwa shingo upande.

Kwenye ukaguzi mama mkaguzi aliyepita chini na tochi yake hakuchukua muda. "Linavuja hapa kwenye tabo, na huku nyuma linagonga sakafu ya gari," alisema. "Nani kalifunga?"

"Fundi fulani," Stellan alisema.

"Basi usirudi kwake."

Alirudi nyumbani, gari likipiga mluzi mbele na kugongagonga nyuma. Pernilla alilisikia tangu barabarani. Aliingia ndani, na asubuhi ya pili, Jumamosi, Stellan alipotoka na kikombe chake alimkuta Ulrik amekwisha fungua boneti.

"Umeitwa na nani?" aliuliza.

"Na mkeo," Ulrik alisema. Kisha akainama. "Lo. Hili bomba umelifunga au umelinyonga?"

"Limekuja bovu. Limekunjwa vibaya."

"Limekunjwa vibaya, kweli. Lakini na wewe umelianza mkiani. Sikiliza, bwana mkubwa, tabo haisogei. Kule nyuma kote kunaning'inia kwenye raba, kutafuata tu. Legeza zote."

"Zote?"

"Mpaka ekzosi nzima itikisike kama kengele ya ng'ombe. Ingia chini, wewe ndiye mwembamba."

Stellan akaingia chini akiwa amevimba. Zaidi ya kosa lenyewe, kilichomkera ni kwamba yule mtu alikuwa anasema kweli. Alilegeza bolti moja moja, kutu ikimmwagikia machoni. Kisha akalibeba bomba la mbele kwa mikono miwili, akalinyanyua hadi Ulrik akalidaka kule juu.

Chini ya gari mtu haoni nyuso, huona miguu tu. Stellan aliziona buti za Ulrik. Baadaye vikaja viatu vya mbao vya Pernilla, vikasimama kando ya zile buti, karibu kuliko alivyopenda. Harufu ya kahawa ikashuka, na mlio wa kijiko kikikoroga sukari. Wakazungumza kwa sauti ya chini, halafu Pernilla akacheka kile kicheko chake cha tumboni ambacho Stellan alidhani ni chake peke yake.

"Mnacheka nini huko?"

"Tunakucheka wewe," Pernilla alisema. "Ulrik anasema umekaza zile nati kama mtu anayefungia pesa."

"Mikono inachoka huku chini."

"Vumilia, mpenzi. Anakunywa kahawa."

Alivumilia. Bomba lilikuwa kifuani pake, na akili ikimtembea kusikokuwa na kitu. Ni miaka mingapi walilala kitanda kimoja wale wawili? Pernilla anamwangalia Ulrik kwa namna gani sasa hivi, kule juu? Kwa nini alijua, bila kuuliza, kwamba Ulrik anataka sukari?

Hata walipolegeza kila kitu, bomba bado lilitaka kugusa sakafu, kwa sababu kona yake ilikuwa imekunjwa kupita kiasi. Ulrik alichora alama ya chaki, wakalikata pale kwenye kona, wakalizungusha kidogo mpaka mdomo ukakaa sawa kwenye tabo wenyewe, bila jeki, bila matusi. Wakaligusa moto sehemu mbili tatu lisisogee, wakalitoa, wakalichomelea vizuri mezani, wakalirudisha na gasketi mpya. Ulrik akakaza zile za tabo kwanza. Kisha akamwachia Stellan aendelee kurudi nyuma, bolti moja baada ya nyingine, huku akilitikisa bomba kila mara kuhakikisha halivutwi.

"Washa," Ulrik alisema.

Injini ikanguruma kwa sauti nzito, safi. Hakukuwa na mluzi wala kugonga. Pernilla alipiga makofi, na Stellan, aliyepaswa kufurahi, alimtazama anampigia nani.

"Gari zuri hili," Ulrik alisema, akifuta mikono. "Nilikuwa natamani kulishika siku nyingi."

Stellan alimshukuru kwa tabasamu, na moyoni akala yamini: siku ya Tuva, mkono wowote usiokuwa wake hautagusa usukani. Katika ukaguzi gari lilipita, lakini yeye furaha yake ilikuwa nusu, maana sasa hata Saab lilikuwa na alama za vidole vya Ulrik.

Siku ilifika na jua. Tuva alitoka mbio kati ya wenzake, kofia nyeupe ikimponyoka, akawakumbatia wote watatu kwa mkupuo mmoja. Kisha wakapanda. Stellan alikaa kwenye usukani. Pernilla alikaa kando yake. Nyuma, juu ya mgongo wa kiti, kwenye matawi mabichi, walikaa Tuva na baba yake.

Mji mzima ulikuwa barabarani. Muziki ulipigwa, honi zililia, watu walipunga mikono wakiita jina la Tuva, naye alisimama akajibu kila mmoja huku Ulrik amemshika kiuno asianguke. Hayo Stellan aliyasikia tu. Dereva wa msafara hutazama namba za gari lililo mbele yake. Mara moja moja aliiba jicho kwenye kioo, akaona vichwa viwili vimeinamiana, vinacheka, na lile jino la rohoni likaanza kuuma.

Walipokaribia kituo cha mafuta, Ulrik aliinama akamgusa bega.

"Stellan. Simama hapo pembeni, uniachie usukani kidogo. Wewe njoo huku nyuma."

Ndiyo hivyo, Stellan aliwaza. Kamchukua mtoto, sasa anataka na gari.

"Gari hili naliendesha mimi," alisema bila kugeuka.

"Kidogo tu, bwana. Mpaka kanisani."

"Nimesema naendesha mimi."

Ulrik aliondoa mkono. Muziki ukaendelea, na Stellan akashikilia usukani kwa mikono miwili mpaka msafara ulipokwisha kule uwanjani. Tuva aliruka chini, akavutwa na wenzake, akazama katika kundi la kofia nyeupe. Ulrik akamfuata amembebea viatu.

Stellan alizima injini. Pernilla hakushuka. Alikuwa anamtazama, hakuwa na hasira, na hilo lilimtia hofu zaidi.

"Kwa nini umekataa?" aliuliza.

"Kwa sababu ni gari langu. Yeye amepata kila kitu, nami nilitaka hiki kimoja."

"Ulrik hakutaka kuendesha, Stellan. Tuva ndiye aliyemwomba ahame. Nilikuwa nimegeuka, nikamsikia akisema, 'Baba, sogea, nataka Stellan akae na mimi sasa, watu wamwone.'"

Stellan aligeuka kutazama nyuma. Matawi yalikuwa yamelala upande mmoja, pale walipokuwa wamekaa. Upande wa pili kulikuwa na nafasi ya kutosha mtu mzima.