Sura anayoamkia mume wangu si ya mtoto wetu

Marahaba. Najua hamjanisalimia, watoto wa siku hizi mnaingia na "mambo" kama mnaingia sokoni, lakini mimi nimeshaitikia. Wenye ukurasa nimewaambia wafiche jina langu, wakilitoa nitawafuata na fimbo. Nina miaka themanini na kitu, nakaa Mandewa kwa mwanangu, na haya naandika mwenyewe kwa kidole kimoja kwenye simu ya mjukuu. Shule sikwenda. Nilisoma kisomo cha watu wazima na mtoto mgongoni, nikaandika kuwapita walionicheka.

Mimi ni mchoraji wa sura za watu. Hakunifundisha mtu. Kule upande wa Sepuka, enzi za nyumba za tembe, nilichora ukutani kwa udongo mwekundu, chokaa na masizi ya chungu, nachanganya na mafuta ya mbarika. Watu walitoka mbali: "Mchore mama yangu kabla hajaondoka." Kila niliyemchora nilimwandika pia kwenye daftari, alivyo na anavyosema. Wengine waliniita mchawi. Hao hao walirudi na kuku wanataka wachorwe.

Mume wangu alikwenda Itigi kwenye kazi ya reli, binti yetu wa kwanza akiwa bado ananyonya. Nitamwita Neema, si jina lake. Barua zilikuja, yeye haji. Mara mvua zikiisha, mara mavuno yakipita. Neema akafika miaka mitano hamjui baba. Nikamchora mtoto ukutani chumba cha ndani, nikamwandikia baba yake: njoo uone unachokikosa. Kabla hajajibu, surua ikamchukua mwanangu kwa siku nne. Nikaandika tena. Safari hii akajibu haraka: "Mama Neema, usiguse chumba kile. Nakuja kumwona mwanangu."

Mwaka huo huo tukahamishwa kwenda kijiji cha ujamaa. Kila mtu abebe miti yake ya paa, tuendako hakuna miti. Nikamwambia kiongozi wetu chumba kimoja nakiacha na paa lake. Akacheka: "Mama, mvua hii inayonukia, utajifunika picha?" Na mama mkwe alikuwa ndani anakohoa. Nikapanda juu mwenyewe, nikang'oa miti ya chumba kile. Aliyeishi kwenye tembe anajua, ukuta wa udongo bila paa ni uji. Niliporudi baada ya mvua mbili nilikuta kichuguu cha tope, pembeni wekundu kidogo. Niliuchota nikaunusa kama mwendawazimu.

Nikasema nitamchora tena, kwenye ubao. Kila nikichora, inatoka sura ya mume wangu. Kidevu chake kile chenye kishimo, macho yake yale ya usingizi. Nikafuta. Mara tatu nikafuta. Nikajiambia hii ni hasira, namchora mwanaume aliyeniacha nizike peke yangu. Na msiniulize mama anasahauje sura ya mwanawe, asiyezika hajui. Mwisho nikamwita binti wa jirani wa umri ule ule, nikamkalisha na karanga, nikamchora yeye.

Mume wangu akafika. Akaupokea ubao kwa mikono miwili.

"Ndiye?"

"Ndiye."

Akaangalia, akaangalia. "Hakunichukua hata kidogo?"

"Alifuata kwetu," nikamjibu, na nilimjibu kwa ukali, ili aumie. Akaumia. Itigi hakurudi tena. Tukazaa wengine, lakini ubao ule uko juu ya kitanda chake mpaka leo, na kila asubuhi anausalimia: "Mama, umeamkaje?"

Sasa macho yake yamekwisha. Anaupapasa, maana udongo wangu ni mzito, unashikika kwa vidole. Mwezi jana mjukuu akapekua sanduku langu, akatoa daftari za kale. Babu yake akasikia. "Mle kuna habari za mwanangu. Nisomeeni." Nikamnyang'anya mjukuu, nikaenda kusoma nyuma ya nyumba, mara ya kwanza tangu msiba. Nilikuwa nimeandika Neema akiwa hai: "Huyu mtoto ni baba yake mtupu. Kidevu, macho, hata akinuna. Mimi nilimbeba tu."

Zile sura tatu nilizofuta zilikuwa za mwanangu. Mkono wangu ulimkumbuka, kichwa kikaubishia.

Kila siku baada ya chakula anauliza: "Mama Neema, tunasoma lini?" Namwambia miwani imevunjika. Haijavunjika, nimeikalia hapa. Nikisoma, atajua binti yake alifanana naye, kitu alichokitamani maisha yake yote. Na atajua miaka yote hii amemwamkia mtoto wa jirani. Nikiruka mistari atanishika, yule mzee macho yamekufa, masikio hayajafa. Jana alipapasa kidevu cha kwenye ubao, kisha akajishika chake.

Msinijazie hapa "bibi mwachie Mungu". Mungu hakufuta ubao, nilifuta mimi. Nyie mliosoma mpaka vyuo, niambieni kitu cha maana leo, mzee hana siku nyingi: nivae miwani nimsomee ukurasa ule, au nimwache aendelee kumwamkia yule aliyemzoea?