AC Iliandika 18, Ndugu Yangu Anachemka

Kioo cha gari kilisema ndani ni nyuzi 18.

Mdogo wangu, siti ya nyuma, alikuwa wa moto kiasi kwamba nesi alimgusa shingoni akarudisha mkono.

Mmoja kati yao alikuwa ananidanganya. Na mimi nikamwamini asiye na damu.

Naitwa Amosi, nina miaka arobaini na saba. Shule niliiacha darasa la nne nikachunge ng'ombe wa baba. Mwaka juzi nilirudi, masomo ya jioni, Kahama mjini. Nakaa dawati moja na watu wa umri wa wanangu na sioni aibu. Nilimwomba Mungu anipe kichwa cha kuelewa kabla hajanipa kingine chochote.

Mchana naendesha gari ya bosi wangu Masudi, mnunuzi wa dhahabu. Gari imekuja na maandishi ya Kijapani, kuanzia redio mpaka vitufe vya AC. Siku ya kwanza bosi aliniambia:

"Amosi, hapa usiguse. Umeona hili neno AUTO? Liache hapo hapo. Hii gari ina akili, inajipima yenyewe."

"Ina akili kuliko mimi, bosi?"

"Kwani we uko darasa la ngapi vile?"

Tukacheka. Nikaacha hapo hapo.

Mke wangu Salome na akina mama wenzake wa kikundi cha maombi wakanifumia kitambaa cheupe cha uzi mzito, kama vile vya kwenye makochi. Kilifunika dashibodi yote, mwanzo mpaka mwisho. Walikiwekea mikono, wakaombea safari zangu saa nzima. Kiongozi wao akanikabidhi, akiniita kwa jina la mwanangu.

"Baba Mageni, kikishatandikwa hiki, kisitolewe. Ndio ulinzi wako barabarani."

Bosi ni Mwislamu, lakini hakukataa. "Tandika tu. Dua haichagui gari."

Sasa sikia.

Mwezi wa kumi, saa nane mchana. Nilikuwa Bugarama nikimsubiri bosi amalize mazungumzo yake, simu ikaita. Maduhu, mdogo wangu wa tumbo moja, ametolewa kwenye duara akiwa hajitambui.

Duara ni shimo la wachimbaji wadogo. Feni inayosukuma hewa chini kwa bomba la nailoni ilizima. Wenzake walipanda haraka. Yeye alichelewa, na walipomvuta juu alikuwa anaongea maneno yasiyoeleweka.

Bosi aliniambia neno moja tu: "Nenda."

Nikamkuta zahanati. Nesi Generosa, mama mmoja mnene mwenye ulimi mkali, alikuwa anammwagia maji kwa jagi.

"Nesi, ni malaria?"

"Malaria gani? Joto limempanda mpaka kwenye ubongo. Hata jasho limekata, ona. Afike Kahama sasa hivi, na asipate joto njiani. Gari yetu imekwenda na mjamzito. Yako ina AC?"

"Inayo. Tena ile inayojipima yenyewe."

"Basi Mungu kakuleta. Beba miguu!"

Tukaondoka. Generosa nyuma, kichwa cha Maduhu mapajani mwake, khanga mbichi kifuani, galoni moja ya maji miguuni.

Barabara ile mnaijua. Malori, mashimo, vumbi. Jua lilikuwa upande wa kulia, linaingia kwa dirisha la nyuma na kumwangukia Maduhu moja kwa moja.

Nikashusha vioo. Upepo ulioingia ulikuwa kama wa tanuri la matofali.

"Pandisha! Unamkaanga huyu!"

Nikapandisha. AC ikaendelea kupuliza taratibu, kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

"Baba, AC yako nayo mgonjwa? Ongeza basi."

"Ipo 18, nesi. Inajua yenyewe."

"Inajua nini? Njoo ukae huku nyuma, halafu ndio uniambie inajua nini."

Nikabonyeza kitufe kimoja. Ikatokea picha nisiyoielewa, hewa ya uvuguvugu ikapanda kwenye kioo cha mbele. Nikaogopa. Nikarudisha kwenye lile neno moja ninaloweza kulisoma.

AUTO.

Maduhu akaanza kuongea. "Mayu, zima moto. Mayu, zima."

Mayu ni mama. Mama yetu tulimzika miaka tisa iliyopita.

Kabla hatujafika nusu ya safari maji yakaisha. Generosa akawa anampepea kwa kadi ya kliniki ya mtu mwingine, iliyobaki mfukoni mwake.

Nikaomba. Sijawahi kuomba vile. Nilimwomba Mungu wingu. Wingu moja tu, la kutufunika mpaka Kahama. Mbingu ilikuwa nyeupe, tupu.

"Na hiyo AC," Generosa akauliza kwa hasira, "inajipima kwa kutumia nini?"

Jibu likanitoka kama niko mbele ya ubao. Maana swali hilo hilo niliwahi kumuuliza Mwalimu Eunice, tuliposoma mada ya joto. Alikwenda kutafuta jibu, akarudi kesho yake akatuandikia. Vipimo viwili vikubwa. Kimoja kinapima hewa ya ndani, pale mbele kwa dereva. Kingine kinaangalia jua kupitia kioo cha mbele, ili jua likiwa kali gari iongeze baridi kabla abiria hajaungua. Ni kitufe kidogo cheusi, juu ya dashibodi. Swali lile liliulizwa kwenye jaribio. Nilipata alama zote.

Nikasimulia mpaka neno la mwisho. Halafu nikatazama mbele yangu.

"Juu ya dashibodi wapi?" akauliza Generosa.

Alikuwa anaona mwenyewe. Kitambaa cheupe, mwanzo mpaka mwisho.

Wingu nililoliomba, gari ilikuwa nalo siku zote, limetandikwa juu ya jicho lake.

"Toa hicho kitambaa."

"Hapana."

"Nini?"

"Kimeombewa, nesi. Hakitolewi. Nikitoa sasa hivi, ndugu yangu akiwa kwenye hali hii, nitakuwa nimemvua ulinzi."

"We baba, una wazimu?"

"Mungu anaweza bila mimi kukitoa."

Mnaweza kunicheka. Lakini siku ile niliamini kabisa kwamba napimwa imani. Nikaweka mkono wa kushoto juu ya kitambaa, kulia usukani, nikaendesha. Kilomita moja. Tatu. Saba. Nadhani zilifika kumi.

Generosa aliacha kupiga kelele. Akaongea polepole, na hilo ndilo lilinitisha.

"Baba, na mimi nasali. Nasali kila siku kabla sijashika sindano. Huyu akinifia mapajani, nitamwambia nini Mungu? Kwamba tulikuwa tunalinda uzi?"

Nikaangalia kioo cha juu. Maduhu alikakamaa. Macho yakageuka meupe, miguu ikaanza kupiga mlango.

Nikakivuta. Kilikuwa kimebandikwa kwa gundi pembeni, kikachanika.

"Nisamehe," nikasema. "Nisamehe, nisamehe."

Kitufe cheusi kilikuwa pale, kidogo kama punje ya choroko.

Ilichukua kama nusu dakika. Kisha feni ikanguruma. Sijawahi kuisikia hivyo tangu nikabidhiwe ile gari. Baridi ikatoka mpaka vidole vyangu vikauma kwenye usukani. Generosa akainua khanga mbichi kukinga ule upepo, akawa anamshushia Maduhu kifuani, anainua, anashusha.

"Endesha," akasema. "Usiongee. Endesha."

Tulifika hajitambui, lakini anapumua.

Jumapili nilisimama kanisani kutoa ushuhuda. Nilisimulia duara, jua, kitufe cheusi. Watu walipiga makofi, wengine walilia. Salome alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Zile kilomita kumi niliziruka.

Siku ya tisa Maduhu alianza kuongea vizuri. Mikono yake bado inatetemeka, hata kikombe namshikia. Daktari anasema huenda ikatulia, huenda isitulie. Ubongo na joto haviamuliwi kwa haraka. Kwa mchimbaji, mikono ndiyo shamba.

Nilikuwa namnywesha uji.

"Kaka."

"Naam."

"Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Nesi alisema toa. Ukasema hapana."

Uji ukamwagika kwenye shuka. Nilifikiri alikuwa mbali, kwa mama. Kumbe alikuwa pale pale na sisi.

"Halafu baadaye ukasema nisamehe," akaendelea. "Ulikuwa unamwambia nani?"

"Mungu."

"Alikusamehe?"

"Naamini amenisamehe."

Akaangalia mikono yake.

"Vizuri. Mimi bado hujaniomba."

Ndugu zangu, kwetu mkubwa hapigi magoti mbele ya mdogo. Nilipiga. Sakafu ya wodi, wagonjwa wote wanatazama, bakuli la uji mkononi. Nilimwambia kila kilomita.

"Inuka, kaka, watu wanaangalia."

"Umenisamehe?"

"Sijasema nimekusamehe. Nimesema inuka."

Kama gari yako ina AUTO, leo hii kagua dashibodi. Toa kitambaa, toa zulia, toa boksi la tishu. Gari haijui jua kama hujaiacha ilione.

Lakini mimi sikuandika kwa ajili hiyo. Nimeandika kwa sababu nilimkimbilia Mungu kuomba msamaha ambao haukuwa mikononi mwake kutoa peke yake. Aliyeungua alikuwa nyuma yangu, siti moja tu.

Kila siku kabla ya darasa napita wodini. Namnywesha uji, nafuta mdomo, nakaa.

Jana aliniuliza tunasoma mada gani sasa.

Ni hilo tu aliloniuliza. Leo narudi tena.