Aliyetangulia Korongoni

Mwanamke aliyewafundisha wanafunzi kufuata nyayo za sokwe, kwenye milima ya nyuma ya Mwamgongo, alikuwa na mimba kubwa. Winfrida, mmoja wa wanafunzi hao, alitembea nyuma yake tangu asubuhi akimwangalia: alivyokaza kitenge chini ya tumbo, alivyogeuza jani kwa kidole kimoja bila kulichuma, alivyonong'ona "hapa," kisha akanyamaza mpaka kila mtu aone mwenyewe. Kwenye ukingo wa korongo mwalimu wao, Eliudi, akamzuia.

"Mama, wewe utusubiri hapa. Huko chini kunateleza."

"Oya," alikataa kwa lugha ya kwao, bila kupandisha sauti. "Nyinyi fuateni nyayo. Tumbo langu niachieni mimi."

Akakaa chini, akajisogeza kwa makalio, akashuka wa kwanza, wengine wakifuata. Kule bondeni akakuta kwenye tope alama mbichi za vifundo vya vidole vya sokwe. Akapiga magoti, akakandamiza ngumi yake pembeni, akamwita Winfrida naye aweke ya kwake. Eliudi akanyoosha mkono amwinue. Mwanamke aliutazama, akashika shina la mti, akainuka mwenyewe. Winfrida akamfuata, mkono wa mwalimu ukiwa bado hewani.