Chumba cha Mwali

Likizo ile nilimkuta dada yangu kwa bibi, yumo ndani. Alikuwa amevunja ungo, na kwetu Kisarawe msichana akivunja ungo anawekwa chumba cha nyuma, haonwi na mwanamume yeyote, hata mimi mdogo wake, mpaka achezewe ngoma na kutolewa. Nilimsikia tu. Jioni nilikaa upande wangu wa ukuta wa udongo, naye upande wake, akaniuliza habari za shule.

"Bado unaona haya kujibu darasani?" Akacheka. Ngoma ndiyo aliyoingojea. Alinitajia hata kanga atakayovaa.

Basi akaja askari wa msitu nyumbani kwa bibi, anatafuta mbao za mvule zilizokatwa kwenye hifadhi ya serikali.

"Shikamoo, bibi. Chumba kile kina nini?"

"Marahaba. Chumba changu."

"Fungua."

"Sifungui."

Bibi hakusema kuna mwali. Mwali hatajwi mbele ya mwanamume mgeni; bibi angeona bora afe kuliko kumtaja. Lakini kadiri alivyonyamaza ndivyo askari alivyozidi kuamini.

"Ala! Mvule umelala humo, bibi hataki tuuamshe!"

Mimi nisiyeweza kusema mbele ya watu nilikwenda nikasimama mlangoni. Nikamwambia tulivyofundishwa shuleni, kwamba nyumba ya mtu haiingiwi bila hati ya hakimu.

"Hati ni mambo ya Uzunguni, bwana mdogo. Hapa ni nyumba ya makuti."

Akanisukuma, akaupiga mlango teke.

Mlikuwa na kitanda cha kamba, mtungi, na dada yangu akihangaika kujifunika kaniki usoni. Mbao hakuna. Askari alitoka, hata kuaga hakuaga.

Makungwi walikaa na bibi hadi adhuhuri. Wakaamua: mwali aliyekwisha kuonwa hachezewi ngoma. Nilimlilia bibi, nikamwambia dada hana kosa.

"Najua, mjukuu wangu. Unadhani sijui?"

Kesho yake dada alitoka kwa mlango wa uani, jua likiwaka, akachukua ndoo. Kukaa kivulini kulikuwa kumemfanya mweupe, na mwanga ulimuumiza macho. Hakuna aliyepiga kigelegele.

"Shikamoo, dada," nilimwamkia.

Alinipita. Alishika njia ya kisimani, peke yake, kama mtu aliyetumwa tu maji.