Bua Moja la Seleri kwenye Maharage ya Harusi

Mwezi uliopita nilishuka Kasulu mchana, nikapita sokoni kununua migebuka, wale samaki wa ziwani, ya kupeleka nyumbani. Kwenye meza ya mama mmoja muuza viungo, katikati ya vitunguu na hoho, palikuwa na fungu la seleri limenyunyiziwa maji. Nililipita. Harufu yake ikanifuata hadi kwa wauza samaki, nikarudi nikalinunua, ingawa sikuwa na mpango wa kulipikia chochote.

Kama hujawahi kuiona, ngoja nikueleze. Majani yake yanafanana na giligilani, ila ni makubwa zaidi, na yamekaa juu ya bua la kijani lenye mifereji. Ukilivunja linatoa mlio kama tango bichi. Wengine huiita figili. Sisi tuliiita seleri kwa sababu ndivyo alivyoiita jirani yetu, na ni yeye aliyeileta kwenye kilima chetu.

Ilikuwa mwaka 2013, nikiwa darasa la nne, nikiishi kwa bibi na babu nje kidogo ya mji. Jirani huyo alikuwa mwanamke aliyelima bondeni, chini ya migomba yetu. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani. Yeye alizaliwa huku na uraia alikuwa nao, lakini bado kuna watu waliomwita mgeni. Matuta yake yalikuwa yamenyooka kama mistari ya daftari. Mbegu za seleri alizipata kwa wanawake wa Kikongo, kwenye soko la karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na alizilea kwa kivuli cha nyasi mpaka zikashika.

Jumamosi moja alimletea bibi fungu zima, kumshukuru kwa mbegu za maharage. Mvua ilikuwa inakuja, akakimbilia kuanua mihogo yake bila kueleza chochote. Sasa kwetu, majani mabichi yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba ni mboga. Matembele ni mboga, lengalenga ni mboga, majani ya maboga ni mboga. Bibi akalikatakata fungu lote, akalichemsha, akalimwagia mawese na karanga za kutwanga, akatuwekea na ugali wa muhogo.

Babu alimeza tonge la kwanza, akalitazama la pili. "Mke wangu," akasema taratibu, "hii ni mboga au dawa ya kuogeshea ng'ombe?" Dada yangu alisema anasikia sabuni. Mimi nilificha tonge langu kiganjani nikaenda kuwatupia kuku, nao wakalidonoa mara moja wakaliacha. Mwalimu aliyepanga chumba chetu cha uani ndiye peke yake aliyefurahi. Alisema inamkumbusha supu ya hotelini Kigoma mjini, akamaliza yake, akavuta na bakuli la babu. Bibi hakula wala hakucheka. Mwanamke aliyepikia harusi za kilima kizima alikuwa ameshindwa na fungu la majani.

Tungeishia kwenye utani tu, kama isingekuwa harusi ya shangazi. Nikufafanulie utaratibu wa kwetu. Kwenye shughuli kila sufuria kubwa ina mwenyewe. Anayekabidhiwa mwiko wa maharage ndiye anayeamua moto, chumvi na mafuta, na tangu siku hiyo watu humhesabu kuwa mwenyeji. Wengine humenya ndizi na kuchota maji. Jirani yetu alikuwa amemenya ndizi miaka sita. Bibi, mkuu wa wapishi, alikuwa amemwahidi kwamba safari hii maharage ni yake.

Habari za mboga ile zikazunguka. Kina mama wakamjia bibi wakamwambia yule jirani atatutilia majani yake, tutaaibika mbele ya wakwe kutoka Kibondo. Bibi aliwasikiliza, akasema atafikiri. Nilikuwa napepeta mchele karibu, na moyo ukaniuma, maana mimi ndiye niliyekuwa nikishinda bondeni kwake baada ya shule.

Kesho yake jirani alikuja na bua moja tu mkononi. Hakujitetea. Aliomba chungu kidogo cha maharage yaliyokaribia kuiva. Akalikunja lile bua na majani yake, akalifunga fundo, akalitumbukiza, akafunika. Aliniita nisogee. Akanieleza kwamba seleri hailiwi kama matembele. Inaingia, inaacha harufu yake, inatoka. Mawese yalipoingia na chumvi kukolea, akalitoa fundo kwa mwiko na kulitupa.

Babu alikula, akaongeza, akauliza maharage yamefanywa nini. Mwalimu alilalamika kuwa ladha ni ndogo mno. Dada yangu aliapa bado anasikia sabuni. Kwangu yalikuwa na harufu ya bonde baada ya mvua, na mpaka leo sina neno zuri zaidi.

Bibi alitafuna muda mrefu.

"Mimi bado siipendi, mwanangu," akasema. "Inanikaa puani."

Jirani aliinamisha macho. "Basi, mama, nitapika bila."

"Sufuria nimempa nani?"

"Umenipa mimi."

"Basi sufuria ni yako. Pika kwa mkono wako. Ulimi wangu haujaalikwa peke yake kwenye harusi."

Siku ya harusi wanawake walisimama mbali kidogo na sufuria ile, kila mmoja akimngoja mwenzake. Bibi akaja na kigoda chake, akakaa karibu na moto, akapakua sahani iliyojaa, akaila yote mbele yao taratibu, kama anayekula chakula anachokipenda kuliko vyote. Hakusema tamu wala si tamu. Wakasogea. Wazee wawili kutoka Kibondo walibishana mpaka wakanyoosheana vidole kama mle ndani kuna nyama au hakuna. Wapo waliochungulia sahani wakaziacha. Lakini sufuria ilikwangwa, na toka hapo hakuna aliyempa jirani yetu ndizi za kumenya.

Baadaye, watu wengi walipovuka kutoka Burundi, seleri ikawa ya kawaida sokoni, na ule ubishi wetu ukaisha. Siku hizi bondeni kuna nyumba za bati. Jiko la bibi lilianguka kwa mvua na hakuna aliyelijenga upya. Mwalimu alihamishwa. Babu alitangulia, na mwaka juzi bibi akamfuata.

Msibani kwake sufuria ya maharage ilikuwa kwa jirani, mwenye mvi sasa, mkuu wa wapishi wote. Nilipewa sahani, nikaonja, nikatafuta ile harufu ya bonde. Haikuwepo. Nikamfuata jikoni, nikamnong'oneza kwamba labda kwa uchungu amesahau seleri.

Hakuinua macho kwenye mwiko.

"Sijasahau, mwanangu," akasema. "Leo sufuria ni yake."