Kopo Langu Mbele ya Mizani ya Dhahabu

Chekeni tu, maana Rwamgasa nzima, machimboni kwetu Geita, ilishanicheka miaka ile ya tisini na aibu haikuniua.

Baba alikufa kwa saratani ya utumbo mpana, kaka akafuata, basi nilipoona damu chooni nikajua zamu yangu imefika. Daktari wa Geita mjini (kijana mpole, ila anaongea kama mwalimu) akaniambia, "Mama Kulwa, mwilini kuna vinasaba ambavyo kazi yake ni ulinzi, vinazuia uvimbe usiote. Kuna koo zinarithishana mlinzi mbovu. Na kuna watu mlinzi wao ni mzima, ila kitu fulani kinamnyamazisha, nacho bado hatujakijua vizuri." Akanipa kopo nikamletee choo apime.

Sasa mimi, mpika maandazi ninayejulikana na wachimbaji wote, nitembee na kopo la mavi? Nikalifunga kwa nailoni, juu kitambaa, nikalisokomeza kifuani chini ya khanga, nikaenda kungoja gari barazani kwa mnunuzi wa dhahabu, mkono kifuani muda wote (na machimboni ukishika kifua namna ile, kila mtu anajua umebeba nini).

Dalali mmoja, Masanja, akaniona, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, umepata jiwe unatoroka nalo mjini! Kwani hapa hatuna mizani?"

"Si dhahabu, mwanangu. Ni dawa."

"Kila mwenye nayo husema hivyohivyo!"

Ningesema ukweli yangeisha, lakini mdomo ulikuwa mzito, watu wakajaa, mnunuzi mwenyewe akatoka na miwani yake, Masanja akavuta kopo huku mimi nalivuta kwangu, akanishinda nguvu, akaliweka mezani mbele ya mizani, akalifungua. Jamani! Mnunuzi alirudi ndani bila kandambili, kopo likapinduka, na baraza lote likabaki langu.

Hapo nikalia kwa sauti. "Ni choo changu! Napimwa ugonjwa uliomuua baba!" Kule walikokimbilia walicheka bado, ila kidogo.

Wakanibatiza Mama Dhahabu. Nikapeleka kopo jingine, safari hii mkononi, hadharani, nikapelekwa hospitali Mwanza, wakakuta kijivimbe kichanga wakakitoa.

Niliporudi, asubuhi moja Masanja akaja jikoni peke yake, akanunua andazi, hakulila.

"Shikamoo, mayu. Hayo makopo... na wanaume wanapewa?"

"Marahaba. Wanapewa," nikamwambia, "ila ulibebe mkononi, usilifiche kifuani kama mimi mjinga."