Chumba Kisicho na Dirisha

Tulipoingia kupiga lipu upya katika hekalu la Wahindu mjini Singida, sanamu za miungu zilikuwa zimefunikwa vitambaa vyeupe na kuhamishiwa stoo. Ndiyo maana sisi mafundi tuliruhusiwa kufika ndani kabisa, ila miguu peku.

Unapanda ngazi upande wa mashariki, unaingia ukumbi mpana wa nguzo ambamo upepo unapita. Halafu dari linashuka, mlango unakuwa mwembamba, na mwisho ni chumba cha mraba. Watu wawili wakinyoosha mikono wanakijaza. Mnara wote unaouona ukiwa barabarani umesimama juu ya chumba hicho, nacho hakina dirisha.

Nilipangiwa humo. Nilipozima taa nipumzike, nilisikia mtu anahema. Nilijua ni mimi. Lakini pumzi zilikuwa za kukatika, kama za mama siku zake za mwisho kule Ilongero, katika chumba cha ndani cha nyumba yetu ya tembe ya udongo, tulimokuwa tukiweka mtama. Kila asubuhi aliniomba nitoboe ukuta aone nje. Baba alikuwa ameshafariki, nami nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, wadogo zangu watatu wananitegemea. Nilimjibu, kesho.

Siku ya tatu nilichukua tindo, nikatoboa ukuta wa hekalu, tundu la tofali moja. Mwanga ukatua sakafuni. Pumzi zikanyamaza.

Fundi mkuu alipoona, alishika kiuno. "Wewe Mnyaturu, hili ni banda la kuku? Nani kakuagiza?"

"Hamna hewa, fundi."

"Basi na kazi hamna. Nenda kamwambie mzee mwenyewe."

Kazi ile ndiyo ilikuwa unga wetu na sare za wadogo zangu. Nilimfuata mzee anayetunza hekalu, nikamwamkia shikamoo, nikamleta. Alilitazama tundu kwa muda mrefu.

"Ulikuwa na nani humu?"

"Peke yangu, mzee."

Kisha akanitazama mimi. "Kijana, chumba hiki ni tumbo la mama. Mtu anatoka kwenye jua, mwanga unampungukia kidogo kidogo, mpaka anafika alikoanzia. Ukitoboa hapa, anafika wapi?" Akageuka aondoke. "Ziba leo, kwa mkono wako. Ukiziba sawasawa, endelea na kazi."

Nilipachika tofali. Mwanga ukabaki uzi, ukakatika. Pumzi zikarudi, safari hii karibu na bega langu. Sikuwasha taa, wala sikusema kesho. Nilipiga lipu ukuta mzima kwa kupapasa, nikausugua polepole mpaka pumzi zile na zangu zikawa zinaenda pamoja.

Jioni fundi mkuu aliingia na tochi, akapitisha kiganja ukutani akitafuta nilipotoboa. Akapakosa.

"Kesho uwahi," alisema. "Ukumbi bado."